Bibi wa Nuu na Maji ya Mkanda

Litajwapo jina la Nuu mbele ya mtu wa pwani, fikira zake humwendea Nabii Nuhu, alayhi salaam, na safina yake. Lakini Nuu tunayoisema leo haina safina wala gharika. Ni nchi ya milima na vichaka katika Kitui, upande wa Mwingi, ambako mito hukauka ikabaki mchanga mtupu, na wanawake huchimba mashimo katika mchanga huo, wakakaa kungoja maji yachuruzike kidogo kidogo hadi wapate kujaza madumu na kuyapakia juu ya punda.

Kutoka nchi hiyo jirani yetu mmoja alimwoa mkewe, yapata miaka thelathini na mitano iliyopita. Bwana huyu ni fundi wa mashine za boti hapa Lamu. Bibi alisilimu, akazaa, akalea, akawa mtu wa mtaa, na watu wakamzoea kwa jina la Bibi wa Nuu. Wametupa ruhusa tuyasimulie yao, ila majina yao tuyasitiri.

Bwana alipopunguza kazi kwa sababu ya umri, alinunua boti kuukuu ya faiba, akaitengeneza kwa mkono wake, akaitia mashine ndogo. Watu walidhani ataitumia kubebea abiria au kuvulia. Kumbe mzee alikuwa na nia nyingine. Mwisho wa demani, bahari ilipotulia na kaskazi haijaanza kuvuma, alimpakia mkewe na vikapu vya chakula, wakaondoka wawili tu kwenda kutembea. Hawakuwa na arusi ya kuhudhuria, wala maziko, wala mgonjwa wa kumpeleka hospitali. Walikwenda kutembea tu.

Maneno yakaanza siku ile ile. Barazani walisema mzee ameingiwa na uzungu. Ukumbini walisema bibi amesahau utu uzima wake. Nasi, tuliosikia ya huku na ya huku, tumeona yafaa kusema neno, kwa kuwa jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa.

Kwanza tuwaeleze wasomaji yaliyowapata. Njia waliyoshika ni ile ya ndani, ya kupita Mkanda, mkondo mwembamba ulioko baina ya kisiwa cha Manda na bara. Kila nahodha wa Lamu anajua kwamba Mkanda hupitwa kwa kuangalia maji. Yakijaa, boti hupita baina ya mikoko kama mtu apitaye kichochoroni kwao. Yakipwa, hubaki matope na kamba mbili za maji. Fundi wetu alichelewa kwa kuongea na rafiki zake gatini, na kabla hawajafika katikati ya Mkanda boti ikakaa chini. Akashika upondo akasukuma hadi jasho likamtoka, boti isiende. Aliyesifika kwa kutengeneza mashine za watu wote akakwama mbele ya mkewe.

Bibi hakulalamika. Alimwambia, "Bwana, kaa kitako. Mimi nimengoja maji tangu utotoni. Kwetu tuliyangojea yatoke mchangani, na hapa tuyangoje yarudi baharini. Maji hayana haraka ya mtu."

Wakakaa. Walingoja saa tano. Wakala maandazi, wakatia udhu kwa maji ya bahari, wakasali adhuhuri wakiwa wameketi botini. Bibi alimwonyesha mumewe kaa wakipanda mizizi ya mikoko, na mumewe akakiri kwamba amepita njia ile tangu ujana asiwaangalie hata siku moja. Hatua chache mbele yao lilikwama dau la wavuvi wawili waliomaliza maji ya kunywa. Sasa, bibi alikuwa amepakia madumu mawili ya maji matamu, na mumewe alimcheka kutwa, akimwuliza kama wanahamia jangwani. Aliyezaliwa Nuu hatoki nyumbani bila ya maji, hata kama anakwenda kuelea juu ya maji. Dumu moja lilikwenda kwa wavuvi, na tangu saa ile mumewe hakucheka tena.

Waliozaliwa kando ya bahari tumezoea kuiona kama ukuta wa nyumba: upo, na hakuna autazamaye. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwana wa nchi kavu ndiye aliyemfumbua macho mwana wa maji.

Tuulizane kwa haki: ni wake wangapi wa pwani waliopata kutembezwa baharini na waume zao? Bahari wanaijua kwa kungoja. Humngoja mume arudi na samaki, humngoja mwana aliyekwenda melini, na pengine hungoja habari ambayo hakuna apendaye kuipokea. Wanaijua kwa misiba, kama ule wa kivuko cha Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, walipokufa watu zaidi ya 270. Ama starehe ya bahari, tumewaachia wageni. Wao huja kwa ndege, wakakodi jahazi, wakaketi bwana na bibi kutazama jua likizama, na nahodha anayewaendesha ni mwenzetu ambaye mkewe hajapanda jahazi hilo hata mara moja.

Wako watakaosema mambo haya si ya Kiislamu. Tunawakumbusha, kwa adabu, kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alishindana mbio na Bibi Aisha katika safari, naye Bibi Aisha akashinda. Na siku nyingine waliposhindana tena, Mtume akashinda. Hadithi hii inajulikana, na waalimu wetu walitusomesha. Tena Mwenyezi Mungu ametutajia vyombo vya baharini katika Kurani mara nyingi, miongoni mwa neema na ishara zake. Itakuwaje neema hiyo iwe halali kwa mume peke yake? Sitara haikuvunjwa: walikuwa mume na mke wa halali, ndani ya chombo chao.

Baada ya maji kujaa walitoka Mkanda wakaingia ghuba ya Manda, wakaona winchi za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Bibi alikuwa amesikia habari za bandari kwa miaka, na za wavuvi wapatao 4,600 ambao Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini hakupata kuona ni maji gani hasa yaliyogombaniwa. Alimwuliza mumewe wavuvi walikuwa wakivua wapi, akaonyeshwa, akanyamaza muda mrefu. Na hili nalo ni la kufikiri. Bahari yetu inabadilika, na mama asiyeijua ila kwa kusimuliwa atawasimulia nini wanawe?

Wakapita Mtangawanda, kisha wakaambaa na kisiwa cha Pate mpaka upande wa Siyu, mji wa Bwana Mataka. Hapo mzee alimkumbusha mkewe habari za Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka, aliyemtungia bintiye utenzi yapata mwaka 1858, naye mgonjwa, kumfundisha adabu za dini na za unyumba. Mabinti wengi wa Lamu wamesomewa utenzi huo. Bibi akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo sisi watunzi hatujalijibu: "Na wa kumfundisha mume, nani aliutunga?"

Mzee akacheka. Sisi tulipohadithiwa hatukucheka sana. Tumetunga mengi ya kumwasa mke amtii mumewe, amkande na ampokee kwa bashasha. Ya kumwasa mume amtembeze mkewe, amtazame na akae naye saa tano pasipo kazi, tumeyatunga machache mno.

Walilala Faza kwa jamaa siku mbili, wakarejea. Hawakwenda Kiwayu, kwa sababu mzee angali anakumbuka mwaka 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, na hofu ikatanda katika maji haya.

Hatusemi kila mtu anunue boti. Petroli ni ghali na wengi wetu hatuna. Lakini mwenye dau analo. Asiye na dau ana rafiki mwenye mashua. Asiye na yote hayo anayo miguu ya kwenda Shela jioni pamoja na ahali wake. Ila mwenye kutoka baharini avae na amvalishe mwenzake jaketi la kuelea, aangalie maji kabla ya kung'oa nanga, na apakie dumu la maji matamu, hata akichekwa.

Mwana wa Nabii Nuhu aliikimbia safina akataka kupanda mlima, akaangamia. Bibi wa Nuu yeye aliteremka mlimani akapanda chombo, na tangu siku ile mumewe, mtu aliyekuwa haongei nyumbani ila kuuliza chakula, humwita kila maji yakijaa watoke. Wanaosema, na waseme. Sisi tunawaachia beti hii:

Maji yakijaa pote, ahali asingojee,
Shika mkono mpite, mkondoni mtembee,
Neema za Mola zote, si za mgeni pekee,
Bahari ni yetu sote, bwana na bibi wazee.