Msanifu Asiyeitwa Kikaoni
Wiki hii nimeitazama tena ramani ya reli ya kati, na inasema wazi kwamba thamani ya Tabora haimo katika jengo la stesheni bali katika njia zinazokutana hapo: reli kutoka Dar es Salaam ilifika 1912, ikasonga hadi Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Kabla ya reli, misafara iligawanyika papo hapo, mingine ikielekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda, na mbele alitangulia kirangozi ambaye wapagazi walimfuata. Msanifu wa mifumo katika kampuni ana kazi ya namna hiyo: kuhakikisha mifumo ya mishahara, ghala na wateja inasomana. Serikali ya Tanzania ililitambua hitaji hilo ilipounda Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa sheria ya 2019. Lakini makampuni mengi humwita msanifu mkataba ukishatiwa saini, ilhali njia huchaguliwa kabla mzigo haujafungwa. Wapo wasemao kwamba wasanifu huchelewesha kazi. Ni kweli, wakiachwa wachore peke yao ofisini. Basi waketi na watengeneza programu na wahasibu, wauone mfumo ukitumika, na waruhusiwe kurekebisha michoro yao. Mkurugenzi anayempima msanifu kwa wingi wa kurasa, huku akimnyima sauti kwenye bajeti, ndiye anayezalisha mifumo isiyosomana, na gharama ya kuiunganisha baadaye ni yake, si ya msanifu.