Nani Atamsikiliza Mtoto Akisoma?

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, vijana wetu wa kidato cha nne humaliza mtihani wao. Wanaojaliwa kuendelea huingia kidato cha tano mwezi wa Julai. Katikati ipo miezi saba ambayo vijana hao, waliosomeshwa kwa jasho la wananchi, hukaa nyumbani wakingoja. Na mwezi wa Januari, katika kijiji hicho hicho, watoto wa darasa la kwanza huingia shuleni. Twauliza: je, wanaongoja hawana deni kwa wanaoanza?

Tangu Januari 2016, michango ilipoondolewa shuleni, watoto wameandikishwa kwa wingi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini wingi nao una taabu yake. Tuchukue darasa lenye watoto 90 na kipindi cha dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, atampa sekunde 20 tu. Mtoto anayeanza kuunganisha silabi hawezi kumaliza hata sentensi moja kwa muda huo. Basi darasa zima huimba kwa pamoja yaliyoandikwa ubaoni, na asiyejua hujificha nyuma ya sauti za wenzake. Si ajabu kwamba uchunguzi wa Uwezo, ulioanza mwaka 2010, uliwakuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili.

Hapo ndipo kijana anapohitajiwa. Akae na mtoto mmoja, kitabu kimoja kati yao, mtoto asome kwa sauti huku akifuata maneno kwa kidole. Akikwama, kijana angoje kidogo kabla ya kumsaidia. Akimaliza, amwulize alichokisoma. Dakika 20, mara tatu kwa juma, mtoto yule yule na kijana yule yule, zatosha kuleta mabadiliko. Tena kijana wa Shinyanga au Dodoma anayo faida nyingine: mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kigogo akishindwa na neno la Kiswahili, yeye aweza kumfafanulia kwa lugha ya mama yake.

Nchi hii haianzi leo. Mwaka 1967, kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, walibaki chini ya mmoja katika kila kumi. Na wengi wa waliowafundisha walikuwa watu wa kujitolea. Lakini miaka hiyo hiyo yatuonya pia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha madarasa huku wakijifunza ualimu. Walifanya kazi kwa moyo, lakini walibebeshwa mzigo uliowazidi, na ubora wa elimu ukaumia.

Kwa hiyo hapana budi mipaka iwekwe. Mwalimu ndiye achague watoto wa kusaidiwa na kumwonyesha kijana njia. Kazi ifanyike mahali pa wazi, barazani au chini ya mti wa shule, na fimbo isionekane. Wala mtu yeyote asitumie vijana hawa kama kisingizio cha kutoajiri walimu. Kijana wa kujitolea ataondoka Julai. Mwalimu lazima abaki.

Wako wazazi watakaosema kwamba majira hayo ni ya palizi. Ni kweli, na jembe lina haki yake. Twaomba saa moja tu, jua likianza kupungua. Walimu wakuu na kamati za shule wasingoje waraka kutoka juu; wawaite vijana wao Januari hii inayokuja. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asiyesikilizwa akiwa na miaka saba, huenda akiwa na kumi na minne akawa amekwisha kuiacha shule.