Waosha vioo wapatiwe wateja, hotuba zinatosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu vijana wa Handeni na Korogwe ambao wameanza kazi ya kuosha madirisha, nyumba hadi nyumba na ofisi hadi ofisi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Handeni. Likizo ya Desemba vijana wawili niliowafundisha walinijia nyumbani wakaniuliza: "Mwalimu, ndoo tunayo, matambaa tunayo. Wateja tunawapata wapi?" Swali hilo wale wanaopanda majukwaani kuwahimiza vijana wajiajiri hawalijibu kamwe.

Kazi yenyewe ipo. Zamani nyumba zetu zilikuwa na madirisha ya mbao, na kuyafuta ilikuwa kazi ya mwenye nyumba. Siku hizi Korogwe na Handeni mjini watu wanajenga kwa alumini na vioo, na vumbi letu jekundu halichagui nyumba ya tajiri wala ofisi ya serikali.

Niliwashauri vijana wale wasitawanyike mji mzima. Wachukue mtaa mmoja, wapige hodi mlango kwa mlango, wajitambulishe wao ni wana wa nani. Mtu anayechungulia dirishani mchana ndiye anayeshukiwa kitu kikipotea usiku, kwa hiyo barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inafaa kuliko tangazo lolote. Bei waitaje kwa idadi ya madirisha kabla ya kulowesha tambaa, na siku ya kurudi iandikwe daftarini, maana riziki ya kazi hii iko kwa mteja wa kila baada ya wiki mbili, wala si kwa yule wa siku moja. Tena wasisahau wavu wa mbu. Wavu ndio unaobeba vumbi, na mama mwenye nyumba akiona umesafishwa vizuri atawaita mwenyewe na kumwambia jirani yake.

Maji wabebe wao wenyewe kwa baiskeli. Sisi wa Handeni tumekulia kwenye foleni za maji. Ukimwomba mtu ndoo tatu umekwisha kumpoteza. (Kwa kukausha kioo gazeti la zamani halina mfano, Ndugu Mhariri, na hilo nalisema kwa heshima.)

Walitaka pia kujaribu mabasi ya Moshi na Arusha yanayosimama Korogwe abiria wapate chakula. Niliwaambia muda ni mfupi mno. Nyumba za wageni ni bora.

Waliponishinda ni kwenye ofisi. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliwaruhusu wakaosha vioo vyote, kisha wakaambiwa waje wiki ijayo. Miezi mitatu ilipita wakienda na kurudi. Kijana ambaye mtaji wake ni sabuni na nauli hawezi kuikopesha ofisi miezi mitatu. Nyingine ziliwaambia hazina fungu la kazi hiyo, na vioo vyake mpaka leo ukivitazama huoni ndani.

Sasa Serikali imeweka utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Vilevile halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Ni mambo mema, siyapingi. Lakini kumpa kijana mkopo wa kununua ngazi na ndoo, halafu ofisi hiyo hiyo inayomkopesha isimpe dirisha hata moja la kuosha, ni kumwingiza kwenye deni. Mkopo hulipwa na wateja. Nao mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza mwaka 2023, vijana wa kijijini wasio na simu ya maana wataufikiaje pasipo ofisa wa maendeleo ya jamii kukaa nao na kuwaonyesha?

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu nne, yaani Handeni Mji, Handeni Wilaya, Korogwe Mji na Korogwe Wilaya, watujibu kupitia ukurasa huu huu: mwaka wa fedha uliopita ni kazi ngapi za usafi zilizoingia katika asilimia 30 hiyo, ni vikundi vingapi vya vijana vilivyozipata, na vililipwa baada ya siku ngapi?

Mwalimu wa Kijijini,
Handeni, Tanga.