Dalili ya Mvua Ziwani: Ajira ya Mhitimu wa Kiswahili Mwaka Ujao

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Anayetaka kujua hali ya ajira mwaka ujao katika Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria hana haja ya kupiga ramli. Ayatazame mawingu yaliyokwisha kutanda.

Wingu la kwanza ni la ualimu. Mhitimu wa Kiswahili amezoeshwa kuingoja Tume ya Kuwaajiri Walimu. Hata hivyo, sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, maelfu ya walimu waliingia madarasani kwa mkataba wa uanagenzi wa Sh20,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Yaelekea mikataba mifupi itazidi kuutangulia uajiri wa kudumu.

Wingu la pili li ziwani. Mnamo 2019 MV Uhuru ilirejea kusafirisha mafuta hadi Uganda, na MV Uhuru II ikaundwa papo hapo Kisumu. Ufugaji wa ngege katika vizimba nao unaenea. Baharia wa Kisumu na mvuvi wa Musoma hukutana katika Kiswahili, lugha ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuwa rasmi mwaka 2022. Ajabu ni kwamba mikataba, fomu za mikopo na maelezo ya usalama majini aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi hutia sahihi asichokielewa, ilhali mfasiri yuko nyumbani akingoja barua ya Tume.

Wapo watakaodai kuwa idara ya Kiswahili si kiwanda cha vibarua, wala fasihi haisomwi kwa ajili ya mshahara. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ajuaye kulipima neno katika shairi ndiye awezaye kulipima katika mkataba, na ndiye atakayeikosoa tafsiri ya mashine inapopotoka.

Kwa hiyo, vyuo vya Maseno na Bondo havina budi kuwapeleka wanafunzi wa tafsiri na ukalimani kufanya mazoezi bandarini, kwenye fuo za Dunga na Usenge, na katika Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao yake Kisumu. Serikali za kaunti nazo ziwalipe wafasiri, kwani kazi isiyotengewa fedha si ajira.

Mawingu yameonekana. Anayengoja matone ndipo atafute mwavuli, atalowa.