Mali Bila Daftari

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karani ajua maana ya maneno hayo kila mwisho wa mwezi, na mkulima ajua siku ya kugawana bei ya mavuno. Leo nataka kuonyesha, ndugu msomaji, kwamba hata mji waweza kupotea bila habari usipokuwa na daftari lake. Miji ya Uingereza inalo daftari la namna ya peke yake, nalo ni picha za zamani za chapa, zionyeshazo makanisa, ngome, madaraja na majumba jinsi yalivyokuwa kabla kamera haijajulikana. Wako watu wengi wanaozikusanya. Wengine huzitundika ukutani kwa ajili ya uzuri tu, lakini mkusanyaji wa kweli huzitafuta kwa sababu ni ushahidi. Na ushahidi, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kuketi barazani kusikiliza kesi, haupokewi mpaka shahidi ameulizwa maswali.

Kwanza yafaa tujue jinsi picha hizi zilivyofanywa. Fundi alichukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa likawa laini kama kioo. Akachimba mistari juu yake kwa chombo kidogo chenye ncha kali. Ama alilipaka nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ikaonekana, kisha akalitia tindikali, nayo ikala mistari ile peke yake. Bamba likapakwa wino na kupanguswa, wino ukabaki ndani ya mistari tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo ikawekwa juu yake, na vyote viwili vikapitishwa katika mtambo wa kukandamiza. Ndiyo sababu picha ya kweli ya namna hii mara nyingi huwa na alama iliyobonyea kuizunguka, pale kingo za bamba zilipokandamiza karatasi.

Bamba moja liliweza kutoa mamia ya picha, na hapo ndipo ilipo faida yake kubwa. Picha iliyochorwa kwa mkono ni moja, ikiungua imekwisha. Lakini picha ya chapa ina ndugu zake katika nyumba nyingi, na moto hauwezi kuwafikia wote.

Mfano ulio bora ni Kanisa Kuu la St Paul katika London. Kanisa lile lenye kuba kubwa, lijulikanalo siku hizi, lilijengwa na Christopher Wren baada ya moto mkuu wa Septemba 1666. Kabla yake palikuwa na kanisa jingine, la kale mno, ambalo moto ule uliliharibu. Tunajuaje sura yake ya ndani na ya nje? Twaijua hasa kwa kazi ya mtu mmoja mgeni, Wenceslaus Hollar, aliyezaliwa Prague mwaka 1607 na kufika London mwaka 1636 pamoja na Earl of Arundel. Hollar alichora nguzo, madirisha na makaburi ya kanisa lile kwa ajili ya kitabu cha William Dugdale kilichotoka mwaka 1658. Miaka minane baadaye kanisa likateketea. Mtu huyu alifanya picha zipatazo 2,700 katika maisha yake, naye alikufa maskini mwaka 1677. Lakini jengo kubwa lilianguka, na karatasi zake zikabaki.

Basi, je, tuamini kila tunachokiona katika picha za zamani? Hasha. Shahidi mwema naye hukosea. Hollar huyo huyo aliondoka Uingereza mwaka 1644 wakati wa vita vya Mfalme na Bunge, akakaa Antwerp. Mwaka 1647 ilitolewa picha yake ndefu na maarufu ya London, aliyoifanya kwa michoro aliyokuwa ameichora zamani mwenyewe akiwa London. Kando ya Mto Thames alionyesha majengo mawili ya mviringo. Moja lilikuwa Globe, nyumba ya michezo ya kuigiza ya kundi la Shakespeare. La pili lilikuwa mahali ambapo mbwa walishindanishwa na dubu, watu wakitazama. Majengo yenyewe aliyachora vema, ila majina yake yalibadilishana, kila moja likapewa jina la mwenzake. Mtu asomaye maandishi tu atamtafuta Shakespeare kwenye nyumba ya dubu! Hata hivyo kazi yake haikutupwa. Wataalamu walipotaka kuijenga upya Globe, iliyofunguliwa mwaka 1997 karibu na mahali pake pa kale, mchoro wa Hollar ulikuwa mmoja wa mashahidi wao wakubwa. Walilijua kosa lake, wakalisahihisha, wakaendelea kumsikiliza.

Kuna mfano mwingine unaotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1572, katika mji wa Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa kitabu cha picha za miji ya dunia. London imo, na katika kitabu hicho hicho zimo Mombasa na Kilwa, zimewekwa ukurasa mmoja pamoja na Aden na Sofala. Sasa itazame London ile. Kanisa la St Paul lina mnara mrefu wenye ncha iendayo juu kama mkuki. Lakini ncha ile ilikwisha kupigwa na radi na kuungua mwaka 1561! Kitabu kilipotoka, picha ilikuwa yaonyesha kitu kilichotoweka miaka kumi na mmoja nyuma. Ikiwa London ilitokea hivyo, hapana budi kuitazama Mombasa ya ukurasa ule kwa hadhari, ingawa twafurahi kuiona.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkusanyaji ni hili: picha hii ni ya lini? Waingereza walisaidia sana jambo hili kwa sheria ya mwaka 1735, iliyoombwa na William Hogarth na wachoraji wenzake waliochoka kuibiwa kazi zao. Sheria ile ilimlinda mwenye picha kwa miaka 14 asiigizwe, ila ilimtaka jina lake na tarehe ya kutolewa vichongwe kwenye bamba. Ndiyo maana picha nyingi za baada ya hapo zina mstari wa herufi ndogo chini yake, wenye jina, mahali na tarehe.

Lakini angalia, msomaji: tarehe ile ni ya bamba, si ya karatasi. Ndugu wawili, Samuel na Nathaniel Buck, walizunguka Uingereza na Wales tangu miaka ya 1720 hadi ya 1740. Walichora magofu ya ngome na nyumba za watawa zaidi ya 400, na sura za miji zaidi ya 80. Mabamba yao hayakutupwa. Mwaka 1774 mchapishaji Robert Sayer aliyatumia tena, na tarehe za kale zikabaki pale pale. Mtu aweza kununua picha yenye tarehe ya siku za ujana wa akina Buck, kumbe ilitoka mtamboni miaka arobaini baadaye. Si udanganyifu kuichapa tena. Udanganyifu ni kuiuza kwa bei ya ile ya kwanza.

Dawa yake ni kuitazama karatasi yenyewe. Iinue kwenye mwanga. Karatasi za zamani zaidi huonyesha mistari myembamba iliyoachwa na nyaya za kiunzi cha kutengenezea karatasi. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1750. Tena, tangu mwaka 1794 watengenezaji wengi wa karatasi wa Uingereza walitia mwaka katika alama iliyo ndani ya karatasi. Ukiona mle mwaka 1810, picha haikuweza kuchapwa kabla ya mwaka huo, bamba liseme litakalo. Itazame na mistari pia. Shaba ni laini, huchakaa, na picha za mwisho hufifia. Katika miaka ya 1820 mafundi walianza kutumia mabamba ya chuma cha pua, yaliyotoa picha kwa maelfu. Ndiyo maana picha nyingi ndogo za London za Thomas Hosmer Shepherd na wenzake hupatikana kwa bei nafuu. Anayeanza na aanzie hapo.

Rangi nazo zisikutie wazimu. Nyingi za picha hizi ziliuzwa zikiwa nyeusi na nyeupe, na rangi zake zilitiwa baadaye sana ili zipendeze wanunuzi. Na ukiona kwa kioo cha kukuzia kwamba picha yote ni nukta nukta zilizopangwa sawasawa, ujue ni nakala ya mashine ya zama za karibu, wala haina thamani ya kitu cha kale.

Sasa nafika kwenye jambo linaloumiza. Picha hizi kwa sehemu kubwa zilifanywa ziwe ndani ya vitabu. Muuzaji aweza kupata fedha nyingi zaidi akikirarua kitabu na kuuza picha mojamoja kuliko akikiuza kizima. Vitabu vingi vimekufa hivyo. Fikiri habari za Fonthill Abbey, jumba la ajabu la tajiri William Beckford, lenye mnara wa zaidi ya futi 270. Mwaka 1823 John Britton na John Rutter walitoa kila mmoja kitabu juu ya jumba lile, chenye picha, ramani za vyumba na maelezo. Mwaka 1825 mnara ukaanguka. Mwenye kitabu kizima aweza kuingia mlangoni na kutembea chumba kwa chumba. Mwenye karatasi moja iliyonyofolewa ana mnara mzuri ukutani, wala hajui ulisimama wapi, ulikuwa wa nani, wala kwamba haupo tena. Daftari limechanwa ili kurasa zake ziuzwe!

Nasema basi: kitabu kizima kisiraruliwe kwa sababu yoyote. Picha zilizokwisha kutengwa na vitabu vyao zimekwisha kutengwa, na si dhambi kuzinunua. Lakini mwenye kuzinunua arudishe habari zake kadiri awezavyo. Nyuma ya picha, pembeni, aandike taratibu kwa kalamu ya risasi laini: ilitoka kitabu gani, cha mwaka gani, nani aliichora, nani aliichonga, ilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Asikate kingo ili ienee katika fremu, maana mle ndimo yalimo majina na alama ya bamba. Asiibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata. Asiitundike mahali pa jua kali wala penye unyevu. Na asiye na fedha asihuzunike. Jumba la makumbusho la British Museum huonyesha picha nyingi za namna hii katika intaneti, na kutazama hakuhitaji ada.

Mwishoni, kila mmoja wetu na atazame sanduku lake mwenyewe. Pengine imo picha ya soko la kale, ya shule ilipokuwa ya udongo, au ya baba amesimama mbele ya duka ambalo halipo tena. Igeuze uone nyuma. Ikiwa hapakuandikwa neno, mtafute leo mzee akumbukaye, umwulize mahali, mwaka na majina, uandike. Mzee huyo hana nakala nyingine.