Si uzee uliotupoza
Bwana mwandishi, nimekusoma kwa taadhima, walakini hoja yako kwamba sisi wakongwe tumeuacha mpira kwa sababu ya uzee siiafiki hata kidogo, maana miguu iliyokuwa ikinitoa uwanja wa Mkwakwani hadi mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, mwaka 1988, timu yetu ya Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Bara, ingali hai. Iliyonitoka ni shauku, tangu wachezaji, ambao zamani tulikutana nao barabara ya kumi wakinywa kahawa na kusutwa na wazee kwa penalti waliyokosa, wawe wapita njia wanaobadili jezi kila msimu. Na ndugu uliyetangulia hapo juu, unayesifu kutazama mpira kwenye runinga, naam, picha ni safi, lakini hiyo penalti utamsuta nani?