Baiskeli ya Mwalimu Si Baiskeli ya Kigali

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali mnamo Septemba 2025, ya kwanza kuandaliwa katika bara la Afrika, yaliliachia eneo letu fahari kubwa na, kwa maoni yangu, tamaa moja yenye gharama. Fahari hiyo ni halali. Wanaume walipanda na kuteremka vilima vya Rwanda kwa kilomita 267.5 kabla ya Tadej Pogačar wa Slovenia kutwaa ushindi. Tamaa ni ile inayomsukuma mwanafunzi, wakati mwingine na mwalimu wake, kuingia dukani akitafuta chombo kinachofanana na kile alichokiona katika televisheni.

Kuitaka baiskeli si kosa hata kidogo. Tangu kodi ya VAT ya mafuta ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, mwenye mshahara wa kawaida ana kila sababu ya kuitazama nauli ya matatu kwa jicho la mashaka. Swali ni baiskeli gani itakayompeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa, kisha likizo ya Agosti imfikishe kwao, mwendo wa kilomita 90 au zaidi, akiwa na mzigo wake.

Sheria za mashindano zinaruhusu baiskeli iwe na uzani wa kilo 6.8 tu. Wepesi huo hununuliwa kwa kaboni, matairi membamba na spoki chache, na nyuma ya kila mshindani kuna gari lililobeba baiskeli ya akiba na fundi. Mwalimu wa Murang'a nyuma yake kuna lori. Fremu ya kaboni ikipasuka, hakuna fundi wa jua kali atakayeiunga. Ya alumini huhitaji uchomeleaji maalumu ambao si kila kituo cha biashara kinao. Fremu ya chuma, hasa kile chuma chepesi kiitwacho kromoli, inaweza kutengenezwa na mchomeleaji stadi katika miji mingi ya nchi hii. Hiyo pekee inatosha kuamua mjadala.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili na kununua baiskeli ya mlimani ya bei rahisi yenye springi mbele na nyuma. Inang'aa, na wauzaji huipanga mlangoni kwa sababu hiyo. Waama, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Springi hizo hunywa nguvu za mguu kila unapokanyaga, huongeza uzani, na zikichakaa aghalabu huwa hazina kipuri. Tena fremu ya namna hiyo haina mahali imara pa kufungia keria, basi mzigo wote huishia mgongoni mwa mwendeshaji.

Je, turudi kwa Black Mamba ya babu zetu? Kwa anayeishi Ahero, katika tambarare ya Kano, sioni aibu yoyote. Ni nzito na ina gia moja, lakini hubeba gunia na haimshindi fundi yeyote. Utafiti uliofanywa vijijini nchini Zambia ulionyesha kuwa wasichana waliopewa baiskeli za chuma za jamii hiyohiyo, zenye keria ya kubeba kilo 100, walipunguza siku za kukosa shule kwa zaidi ya robo. Hakuna kaboni iliyohusika pale. Tatizo la Mamba huanza pale ardhi inapoinuka. Anayetoka Mai Mahiu kuelekea Kiambu kwa gia moja atausukuma ukuta wa Bonde la Ufa kwa miguu.

Basi mwenye safari za aina mbili atafute kitu cha katikati. Gurudumu liwe la inchi 26 au saizi nyingine ambayo tairi na tyubu zake zinapatikana sokoni kwake, si Nairobi pekee. Tairi liwe na upana wa milimita 40 hivi, ili lihimili changarawe bila kukokota kwenye lami. Gurudumu la nyuma liwe na spoki 36, kwa kuwa ndilo linalobeba mwili na mizigo. Kuhusu gia, asihadaiwe na wingi wake. Ahesabu meno: gia ndogo kabisa ya mbele isiwe na meno mengi kuliko gia kubwa kabisa ya nyuma. Hapo atapanda mlima akiwa ameketi. Madigadi na taa ni vya lazima. Rangi achague apendayo. Wingi wa sifa hizi hupatikana katika baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, mradi fundi anayemwamini aikague fremu, mnyororo na rimu kabla ya pesa kutoka mfukoni. Asikague mno, kwani mchagua nazi hupata koroma.

Hata hivyo, baiskeli bora haimkingi mtu dhidi ya basi. Mnamo 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Barabara ya Thika, iliyokamilika mnamo 2012, ilikuwa tayari imejengewa njia zao. Apitaye huko leo atakuta sehemu za njia hizo zimegeuzwa vibanda na vituo vya bodaboda, huku mwendesha baiskeli akirudishwa miongoni mwa malori. Shuleni nako, magari ya walimu yana maegesho, lakini ni nadra kuona hata bomba la chuma lililokitwa chini ya paa ili mwanafunzi aifungie baiskeli yake. Bomba hilo halihitaji sera ya kaunti. Kamati ya shule inaweza kuliagiza muhula huu, kwa fundi yuleyule anayetengeneza madawati.